Filta ya pyurifaya: utajuaje muda wake umeisha, kwa sisi tunaoishi Dar

Ile taa ya filta haioni vumbi. Naanza na hilo kwa sababu watu wengi wananunua pyurifaya, yaani mashine ya kusafisha hewa, wanaiweka chumbani, alafu wanakaa wanasubiri taa iwake ndo wabadilishe filta, na kwenye mashine nyingi za nyumbani ile taa ni saa tu, inahesabu masaa ambayo feni imezunguka, basi. Haijui kama wewe unakaa ghorofani Masaki, madirisha yamefungwa na AC inapuliza, au uko Goba pembeni ya barabara ya vumbi malori ya mchanga yanapita getini kuanzia alfajiri. Wote wawili itawawashia kwa masaa yaleyale. Mmoja atatupa filta ambayo bado nzima na hela yake inaenda bure, mwingine atakuwa ameshalala miezi na mashine inayounguruma tu, hewa haisafishiki, na mtoto mwenye pumu yuko humo humo ndani.

Kwahiyo nachotaka ufanye ni kuijua filta yako mwenyewe. Vipimo karibu vyote ni vya bure, unahitaji macho, pua, kipande cha tishu na simu yenye tochi.

HATUA YA KWANZA: fungua mashine ujue una filta za aina gani

Chomoa plagi kwanza, usiishie kuzima kwenye batani. Kisha fungua mfuniko, mara nyingi uko nyuma au chini, na utoe kilichomo. Mashine nyingi zina matabaka matatu, wakati mwingine yako mbalimbali, wakati mwingine yamegundishwa kuwa kitu kimoja cha duara, na hii ni muhimu kuijua mapema kwa sababu kama yamegundishwa, tabaka moja likifa unabadilisha yote.

La nje ni wavu. Kazi yake kukamata vitu vikubwa, nywele, nyuzi za nguo, manyoya ya paka, na mbu waliokufa. Wavu haubadilishwi, unasafishwa.

La kati ni HEPA yenyewe, ile nyeupe iliyokunjwakunjwa. Kwa kiwango cha Marekani HEPA ya kweli inakamata asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa mikroni 0.3 (mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na ile inayoandikwa H13 kwa kiwango cha Ulaya inakamata asilimia 99.95 ya zile chembe zilizo ngumu kuliko zote kukamatika. Watu wanadhani inafanya kazi kama kifumbu cha kuchujia tui, kwamba kikubwa kinabaki na kidogo kinapita, lakini sivyo. Ndani yake ni nyuzi nyembamba zilizosokotana ovyo, chembe kubwa zinashindwa kukata kona zinagonga uzi na kunata, chembe ndogo kabisa zinayumbayumba hewani mpaka zinagusa uzi nazo zinanata, na za katikati, hizo za mikroni 0.3, ndo zinasumbua zaidi, ndo maana kipimo kimewekwa hapo. Shika hili neno kunata, tutalihitaji baadae.

La tatu ni kaboni, jeusi, linaweza kuwa vipunje au kitambaa chenye unga mweusi. Hili ni la harufu na baadhi ya gesi, vumbi sio kazi yake. Linajaa kimyakimya, kwa macho huoni kitu.

Na kabla hatujaenda mbali, hakuna filta hata moja kati ya hizi inayokamata ile hewa ya sumu ya mkaa, kaboni monoksaidi. Haina harufu na inapita HEPA na kaboni kama hakuna kitu. Usije ukaweka jiko la mkaa ndani ukafunga madirisha ukasema pyurifaya inafanya kazi. Watu wanakufa hivyo. Jiko la mkaa linakaa nje au sehemu iliyo wazi kabisa, mashine iwepo isiwepo.

HATUA YA PILI: nailoni na tarehe

Filta mpya inakuja imefungwa na nailoni, na kwenye mashine nyingi unanunua mashine filta ikiwa tayari ndani, na nailoni yake bado iko. Kuna nyumba mashine imewashwa wiki kadhaa na nailoni haijatolewa. Fungua, toa, hata kama muuzaji amekwambia iko tayari kutumika. Alafu chukua maka peni, andika tarehe pembeni kwenye fremu ya filta, sio kwenye karatasi itakayopotea. Andika pia namba ya modeli ya filta kwenye simu yako, utaihitaji siku ya kuagiza.

HATUA YA TATU: piga hesabu ya masaa

Kitabu cha mashine kinaweza kukwambia miezi 6, kingine 8, kingine mwaka. Tafuta kama wameandika masaa. Mfano masaa 4,320, hiyo ni miezi sita kama mashine inawaka saa 24 kila siku, kwa sababu mwezi mmoja wa siku 30 una masaa 720. Sasa wewe unaiwasha usiku tu, masaa 8 wakati wa kulala, ukigawa unapata siku 540, yaani mwaka na nusu. Umeona tofauti? Mtu anayebadilisha kila miezi sita kwa sababu kitabu kimesema miezi sita, huku anaiwasha usiku tu, anaweza kuwa anatupa filta ikiwa na theluthi mbili ya maisha yake.

Lakini usifurahi sana. Hesabu hii ni ya hewa ya kawaida alafu kavu, na Dar sio kavu, unyevu wetu mara nyingi unapita asilimia 70 na asubuhi unapanda zaidi. Filta inayokaa mwaka na nusu kwenye unyevu wa pwani inaweza kuota fangasi kabla haijajaa vumbi. Mimi mstari wangu ni huu, HEPA haivuki mwaka mmoja hata kama masaa yamebaki, na kaboni haivuki miezi sita, mara nyingi hata mitatu inakuwa imeshachoka. Masaa yanakupa makadirio, jibu lenyewe unalipata kwenye hatua zinazofuata.

HATUA YA NNE: pima siku ya kwanza filta ikiwa mpya

Hii ndo hatua ambayo karibu kila mtu anairuka na ndo yenye thamani kuliko zote. Kama hukupima filta ikiwa mpya, baadae huna cha kulinganisha nacho.

Kama mashine yako inaonyesha namba ya PM2.5, hizo ni chembe zenye kipimo cha mikroni 2.5 kushuka chini, zile zinazoingia mpaka ndani kabisa ya mapafu, fanya hivi. Chagua jioni, ule muda ambao mtaani wanachoma taka na majiko ya mkaa yamewashwa. Fungua dirisha la chumba mpaka namba ipande, tuseme ifike 80 au 100. Funga dirisha na mlango, weka mashine spidi ya juu kabisa, anza kuhesabu dakika mpaka namba ishuke chini ya 15. Kwanini 15? Kwa sababu Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2021 linasema wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa. Andika zile dakika kwenye simu pamoja na namba uliyoanzia.

Rudia kila mwezi, chumba kilekile, spidi ileile, uanzie kwenye namba inayokaribiana. Mwanzo dakika zitakuwa zilezile, baadae zitaanza kuongezeka kidogokidogo. Zikifika mara mbili ya siku ya kwanza, hapo filta imemaliza kazi, hata kama taa haijawaka na hata kama kwa macho bado unaiona nzuri nzuri.

Angalizo moja la hapa kwetu. Hizi sensa ndogo, yaani vile vifaa vya kwenye mashine vinavyopima hewa, zinatumia mwanga kuhesabu chembe, na unyevu ukiwa mwingi sana chembe zinavimba na namba inapanda kuliko hali halisi. Kwahiyo usipime siku mvua inanyesha ukalinganisha na siku kavu, na usipime mara baada ya mtu kuoga maji ya moto chumba cha ndani au kupuliza pafyumu. Kama una AC, iwashe kwanza, unyevu ushuke, ndo upime.

Mashine yako haina namba, ina taa za rangi tu? Inafaa pia, hesabu dakika kutoka nyekundu mpaka bluu au kijani. Haina sensa kabisa? Chukua tishu, itenganishe ubaki na karatasi moja nyepesi, kata kipande chembamba, kishikilie juu ya pale hewa inapotokea, spidi ya juu, na urekodi video fupi kwa simu. Kila mwezi rudia, umbali uleule. Siku karatasi inainuka kivivu wakati zamani ilikuwa inapepea kwa nguvu, na wavu umeshausafisha, basi HEPA imeziba.

HATUA YA TANO: macho, na jinsi ya kusoma rangi

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo watu wanakosea sana. Toa filta, ipeleke kwenye mwanga wa mchana, panua zile kunjo kwa vidole taratibu, mulika tochi ya simu. Usiangalie juu tu, angalia ndani ya kunjo.

Rangi ya kijivu au kahawia ya udongo ni vumbi la kawaida, la barabara, la ujenzi. Hii filta inavumilia. Na kuna kitu hapa watu hawakijui, HEPA ikijaa vumbi haianzi kupitisha uchafu, tena ule uchafu ulionata unasaidia kukamata mwingine. Tatizo ni hewa. Hewa haipiti. Feni inahangaika, sauti inabadilika inakuwa nzito, na badala ya chumba kizima kusafishwa mara kadhaa kwa saa, inasafishwa mara moja au chini ya hapo, huku wewe vumbi la barabara linaendelea kuingia chini ya mlango. Mashine inapimwa kwa wingi wa hewa safi inayotoa kwa saa, sio kwa usafi wa ile hewa kidogo inayofanikiwa kupita. Kwahiyo filta ya kijivu, mwamuzi ni zile dakika zako na tishu yako. Rangi peke yake haitoshi kuitupa.

Rangi ya njano, au kahawia inayonata kidogo, hiyo ni kesi nyingine kabisa. Huo ni moshi. Sigara, dawa ya mbu ya kuchoma, udi na ubani wa kila jioni, moshi wa mafuta ya kukaangia. Na moshi ni mbaya kwa filta kuliko vumbi, sababu yenyewe ni hii: filta nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa nyuzi za plastiki zilizotiwa chaji ya umeme tuli, hiyo chaji ndo inavuta chembe zije kunata, na ndo inayofanya filta iwe nyepesi na feni ndogo iweze kuvuta hewa. Moshi wenye mafuta unapaka zile nyuzi na kuifunika chaji. Hewa inaendelea kupita vizuri tu, tishu inapepea kama kawaida, unajiona uko salama, kumbe uwezo wa kukamata umeshuka. Filta ya njano ya miezi mitatu inaweza kuwa imechoka kuliko filta ya kijivu ya miezi minane.

Dawa ya mbu ya kuchoma naomba niisemee peke yake. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulioonyesha kwamba kuchoma duara moja la dawa ya mbu kunatoa chembe ndogo sawa na sigara kati ya 75 na 137. Moja tu. Sasa wewe unawasha duara usiku chumbani, pembeni umewasha pyurifaya, unaipa filta mzigo ambao haikutengenezewa na bado unavuta sehemu ya ule moshi. Malaria ipo na siwezi kumwambia mtu alale bila kinga, chandarua chenye dawa kinafanya kazi na hakitoi moshi. Weka nyavu nzima madirishani, chandarua kitandani, na lile duara litoke chumba chenye mashine. Udi vilevile, najua nyumba zetu za pwani bila udi Alhamisi jioni haijakaa sawa, basi fukiza sebuleni madirisha yakiwa wazi, mashine ikiwa imezimwa, moshi ukishatoka ndo uwashe.

Madoa meusi au ya kijani yenye mwonekano wa unyoya, hayo ni fangasi. Hapo hakuna cha kupima wala kujadili. Filta inatoka leo leo, hata kama ina mwezi mmoja.

Na ukikuta filta imepinda, imechanika, au lile sponji la pembeni limebanduka, nayo imekwisha, kwa sababu hewa inapita kwenye upenyo badala ya kupita kwenye filta. Ukiona njia ya vumbi nyeusi imejichora kwenye fremu upande wa ndani, ule upande wa hewa safi, ujue kuna sehemu inavuja.

HATUA YA SITA: pua

Namba ya PM2.5 haikwambii chochote kuhusu kaboni, ile sensa inahesabu chembe, haijui harufu. Kaboni unaipima kwa pua. Shida ni kwamba pua inazoea, ukikaa chumbani nusu saa husikii tena. Toka nje, kaa dakika kumi, piga stori na jirani, alafu rudi ndani moja kwa moja mpaka kwenye mashine na unuse pale hewa inapotokea. Kama unasikia harufu ya jana, samaki wa kukaanga, moshi wa taka, jasho, wakati mashine imewaka usiku kucha, kaboni imeshiba. Kaboni iliyoshiba ina tabia nyingine mbaya zaidi, joto likipanda inaweza kuanza kuachia baadhi ya zile harufu ilizozimeza, ndo maana mashine nyingine mchana wa Januari zinanuka zenyewe.

Harufu ya uvundo, kama nguo zilizoanikwa ndani wakati wa mvua, hiyo ni unyevu na fangasi. Rudi hatua ya tano.

Kuna mtu atakwambia pima filta kwenye mizani, ikiongezeka uzito imejaa. Hapa Dar usihangaike na hiyo, kaboni inafyonza unyevu, mwezi wa nne utapata uzito wa maji ukadhani ni uchafu.

HATUA YA SABA: fuata majira ya Dar, kalenda ya kiwandani haiyajui

Kipupwe, Juni mpaka Septemba, mvua zimekata na barabara za mitaani zimekauka, ndo vumbi linatawala. Kama unakaa karibu na ujenzi, na mji huu miaka hii haukosi ujenzi, kuanzia njia za mwendokasi mpaka jirani anayeongeza ghorofa, safisha wavu kila wiki. Usisubiri mwezi. Wavu uliojaa unaifanya filta nzuri ionekane mbovu, watu wengi wangesafisha wavu tu wangegundua HEPA yao bado inadai miezi. Tumia brashi laini au vakyumu, au maji na sabuni kidogo kama kitabu kinaruhusu, alafu anika kivulini mpaka ukauke kabisa, KABISA, ndo urudishe.

Masika, Machi mpaka Mei, vumbi linapungua ila unyevu ndo unakuja. Kipindi hiki kosa kubwa ni kuzima mashine kwa wiki kadhaa kwa sababu hewa inaonekana safi. Filta yenye vumbi ndani, unyevu juu yake, hewa haizunguki, fangasi wanashangilia. Ama iwashe hata spidi ndogo masaa machache kila siku, ama toa filta, ikiwa kavu, ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa mpaka utakapoihitaji. Mimi kama HEPA ilikuwa imebakiza kidogo, naibadilisha baada ya masika, mwezi wa sita unapoanza, kwa sababu inakuwa imepita kwenye unyevu na inakwenda kukutana na vumbi la kipupwe, sioni sababu ya kuisukuma.

Na kama unalala madirisha wazi kwa sababu ya joto, jua tu kwamba mashine inasafisha hewa ya mtaa mzima. Filta itaisha mapema na chumba hakitasafishika. Ni bora uiwashe kwenye chumba kimoja kilichofungwa, kile anacholala mtoto au mgonjwa, kuliko sebuleni mlango unafunguliwa kila dakika.

USIFANYE HAYA

Usifue HEPA. Kama haijaandikwa wazi kwamba inaoshwa, maji yanaharibu chaji na kunjo zinashikana, itaonekana nyeupe imependeza na haikamati kitu. Usiipeleke kwa vijana wa kuosha magari wakaipuliza na upepo wa kompresa, najua filta ya gari inafanyiwa hivyo kila siku, lakini hizi nyuzi zinachanika na ule uchafu wote unarudi kwenye hewa unayovuta. Usiigonge ukutani. Usiianike juani ukidhani kaboni itarudi upya, jua la Dar halifikii joto linalotakiwa kuirudisha hai kaboni, hiyo inafanyika kiwandani kwenye tanuru. Na usipulize pafyumu wala dawa ya kuua vijidudu kwenye filta.

KUNUNUA FILTA NYINGINE

Anza kutafuta mapema, taa ikionyesha imebaki asilimia 20 au dakika zako zimeanza kupanda, kwa sababu modeli nyingi filta zake hazipo tayari madukani, inabidi uagize na mzigo unakawia. Kama hujanunua mashine bado, ulizia filta kwanza ndo ununue mashine. Ukienda Kariakoo na kumuuliza kijana wa duka, "kaka hii ni HEPA ya kweli?", atakujibu "dada hiyo orijino kabisa, wateja wangu wote wanachukua hiyohiyo". Usibishane nae, mwombe tu afungue boksi uangalie.

Angalia kama wameandika H13 au asilimia 99.97 kwa mikroni 0.3. Boksi likiandika maneno ya kukwepa, "mfano wa HEPA" au "aina ya HEPA", hiyo sio HEPA, inaweza kuwa nzuri kwa vumbi la kawaida lakini usilipie bei ya HEPA. Angalia kunjo ziwe zimenyooka na umbali sawa, sponji la pembeni liwe limezunguka fremu yote bila pengo, isinuke gundi. Nenda na filta yako ya zamani au vipimo vyake, filta ikipwaya hata milimita chache hewa itapita pembeni na umetupa hela. Kuna mashine pia, kwa mfano za Xiaomi, filta zake zina kibandiko cha kielektroniki ambacho mashine inakisoma, ukiweka isiyo na kibandiko inaweza isikuonyeshe maisha ya filta, hapo utategemea tarehe uliyoandika na maka peni.

Filta zisizo na jina la kampuni sizipingi. Bei zake zinasaidia sana, na mtu anayebadilisha kwa wakati filta ya bei nafuu inayokaa sawasawa yuko salama kuliko anayeng'ang'ania orijino moja miaka miwili. Ila pima ile jioni ya kwanza. Ukiona dakika ni nyingi kuliko filta iliyokuja na mashine ilipokuwa mpya, umepata jibu lako na duka hilo hurudi.

KUBADILISHA

Chomoa plagi. Vaa barakoa, na kama una pumu au aleji mwombe mtu mwingine akufanyie. Fanyia uani au kwenye baraza, nje ya chumba. Toa filta taratibu bila kuitikisa, iingize moja kwa moja kwenye mfuko wa taka na ufunge. Futa ndani ya mashine kwa kitambaa kikavu, angalia mapanga ya feni, mende na mijusi wanapenda kuingia humo. Tafuta kidirisha kidogo cha sensa pembeni ya mashine, kisafishe kwa kijiti cha pamba kikavu, sensa chafu inatoa namba za uongo na itakuharibia vipimo vyote.

Toa nailoni ya filta mpya. Angalia mshale wa kuonyesha hewa inakoelekea, kama upo, uufuate. Ikae mpaka ibane. Washa, riseti taa, kwenye mashine nyingi unabonyeza na kushikilia batani ya filta sekunde kadhaa mpaka taa izime, kitabu kitakwambia ni ngapi. Ukisahau kuriseti, hesabu ya masaa inaendelea na ya zamani. Andika tarehe kwenye fremu, na jioni hiyohiyo pima dakika upya, kila filta ina kipimo chake cha kuanzia.

Ile ya zamani mpe mzoa taka ikiwa imefungwa hivyohivyo. Usiichome uani, ni plastiki na gundi na vumbi la miezi yote ulilolizuia lisiingie kifuani, ukiichoma unairudisha hewani kwako na kwa majirani. Na kama umenunua filta mbili kwa pamoja, ya akiba usiifungue nailoni kabisa, iweke kabatini mbali na mafuta ya taa, rangi na nguo zenye manukato, maana kaboni inaanza kufyonza harufu siku unayoifungua, iwe iko ndani ya mashine au iko kwenye shelfu.